Aliyeitika Alikula: Maisha ya Eufrocina Faldas Monsale

Padre, mwenyekiti wa kijiji chetu cha Palaypay, wafumaji wenzake na marehemu, jamaa mliotoka Guimbal na Iloilo mjini, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha, poleni kwa msiba na poleni kwa kusubiri. Mimi ni Marivel, mke wa Jerwin, mkwe wa marehemu. Kusoma historia hii ilikuwa kazi ya mwanawe, lakini mnajua aliko, na dada yake Nenita yuko kiwandani Taiwan na hakupewa ruhusa, kwa hiyo imeniangukia mimi niliyeishia darasa la sita, nanyi mtanivumilia nikikwama. Tangu asubuhi tunangoja gari la magereza. Hakimu amekubali Jerwin aje amzike mama yake, karatasi ya ruhusa ipo, Wakili Sorongon ameishika pale mbele, ila walinzi wa kumsindikiza ndio hawajaonekana, na Padre ameniambia kwa upole kwamba hatuwezi kungoja zaidi ya usomaji huu. Basi nitasoma polepole.

Marehemu Eufrocina, ambaye sote tulimwita Nanay Osing, yaani Mama Osing, alizaliwa tarehe 3 Julai 1957 hapahapa Palaypay, mji wa Miagao, mkoa wa Iloilo, Ufilipino, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Teodulfo Faldas na marehemu Salvacion. Alibatizwa katika kanisa letu la mawe, na aliwahi kuniambia kwamba mama yake wa ubatizo alitembea kutoka milimani mguu mmoja ukiwa na kidonda, kwa sababu alikuwa ameahidi, na kila alipolitaja jambo hilo alilitaja kana kwamba limetokea wiki iliyopita na bado hajajua namna ya kulilipa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 akamaliza darasa la sita mwaka 1970, na alipenda kusoma, lakini mwaka huohuo mama yake aliugua akalala, wadogo zake walikuwa watatu, na mtu wa kuwapikia hakuwepo. Shangazi yake akamkalisha kwenye mtambo wa mbao wa kufumia vitambaa, akiwa na miaka kumi na mitatu, miguu haijafika vizuri kwenye vikanyagio, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwili ulipomkatalia. Shali nyingi mlizojifunika leo zimetoka mikononi mwake, naziona hata hapa nilipo.

Mtambo huo uliwekwa dirishani, panapoonekana njia, na mfumaji akishaanza mstari hapendi kuinuka, kwa hiyo wakati wa chakula Nanay hakuinuka, aliita tu, mikono ikiendelea, “Totooo! Njoo ule!” Alikuwa anamwita mdogo wake. Lakini kwetu kila mvulana ni Toto, kama kila msichana ni Inday, mzazi humwita hivyo mwanawe na mpita njia humwita hivyo asiyemjua, basi aliita mmoja wakaja watano, mmoja ana nyavu za kuchezea, mwingine mbuzi, naye hakumrudisha mtu, aliongeza maji kwenye mchuzi. Desturi ya nyumba ile ilikuwa hiyo moja tu, na aliishika hadi uzeeni. Aliyeitika alikula.

Hata mumewe alimpata hivyo. Wenceslao Monsale, fundi seremala wa Guimbal, alikuwa juu ya paa la jirani akipigilia mabati, akasikia sauti ya msichana ikiita Toto aje ale, akashuka ngazi na nyundo kiunoni, akaketi mezani. Nanay alipogeuka akamkuta mwanaume mzima anakula samaki wa mdogo wake. “Nani amekuita wewe?” akamuuliza. “Wewe,” akasema Tatay, baba mkwe wangu. “Mimi nimemwita Toto.” “Na mimi nimeitika. Nipe na chumvi.” Walifunga ndoa tarehe 27 Mei 1978, na mpaka Tatay alipofariki mwaka 2008 alikuwa akimtania mbele za wageni, “Osing umezaa watoto watatu, lakini unapika sufuria ya kijiji,” naye akimjibu, “Nyamaza, wewe mwenyewe ulikuja kwa makosa.”

Mungu aliwajalia watoto watatu. Dominador alifariki kwa surua mwaka 1981 akiwa na miaka miwili, na amelazwa pale ambapo leo tutamlaza mama yake. Nenita alizaliwa mwaka 1984. Jerwin, mume wangu, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1992, akadekezwa kama vitinda mimba wanavyodekezwa, isipokuwa katika jambo moja. Mtoto akiitwa na mkubwa, Nanay alitaka aitike mara ya kwanza, aende, asikilize, ndipo aulize. Alisema mtoto anayegeuza shingo tu bila miguu amemtukana anayemwita.

Mimi niliingia nyumbani kwake Januari 2018, na siku ya kwanza niliunguza wali, nikajificha nyuma ya jiko nalia. Alinifuata, akakwangua ukoko wote akauweka kwenye sahani yake, akasema, “Inday, huu ndio napenda, wengine wananinyima.” Miaka saba nimekaa naye, na nimegundua kwamba hakuupenda hata kidogo.

Sasa nafika mahali pagumu, na barabara naiona bado tupu.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, Jerwin alikuwa na madereva wenzake wa pikipiki za abiria mbele ya soko, wanangoja watu. Gari likasimama, wakashuka wanaume wanne waliovaa kiraia, na mmoja wao, mtu wa makamo, akaita kwa sauti ya mjomba, “Toto!” Madereva wote waligeuka. Jerwin ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, kwa hiyo alishuka kwenye pikipiki akamwendea, akasema, “Naam, Manong?” kama tunavyomwita kaka mkubwa. Nong Berting, mmoja wa madereva hao, ambaye yuko hapa na atanisamehe nikimtaja, alinisimulia, “Sisi tuligeuza shingo, Inday. Yeye aligeuza miguu.” Walimshika mikono yote miwili. Karatasi ya kukamatia mtu waliyokuwa nayo ilihusu msimamizi wa shamba la miwa aliyepigwa risasi katika mji ambao mume wangu hajawahi kuukanyaga, na mahali pa jina la mtuhumiwa paliandikwa mtu ajulikanaye kama Toto, na wenzake wasiojulikana. Hapakuwa na ukoo, wala umri, wala kijiji.

Tarehe 2 Mei 2019 alipandishwa kizimbani. Alipewa wakili wa zamu, kijana wa watu mwenye mafaili mengi mpaka kidevuni, aliyemwona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyohiyo. Karani akaita, “Toto!” na Jerwin, aliyelelewa na mama huyu, akajibu, “Naam, mheshimiwa.” Akasomewa shtaka, akasema si yeye, hakuua. Hakuna aliyeipinga karatasi. Sisi nyuma tulifurahi kwamba amejibu kwa heshima, Nanay akanibana mkono akasema, “Umesikia alivyoitika? Wataona huyu ana wazazi.” Shtaka la namna hiyo halina dhamana, akarudishwa ndani, na yumo mpaka leo. Mwanetu Amado alizaliwa Septemba ya mwaka huo, na baba yake amemshika kupitia nondo tu.

Baada ya hapo, ndugu zangu, jina lilikufa kijijini. Siwalaumu, mimi ni mama na ninajua. Wanaume walivumisha kwamba watu wale watarudi kuchukua Toto mwingine, na ndani ya mwezi mmoja wavulana wote wakaanza kuitwa kwa majina yao ya ubatizo, marefu, ambayo hata wenyewe hawakuyazoea. Nanay aliendelea kuita dirishani, “Totooo! Njoo ule!” na njia ikanyamaza. Nilikuwa namwona anageuka kutazama mlango, kisha anafunika sufuria. Siku moja mtoto wa jirani alisimama, akataka kuja, mama yake akamvuta kwa shati. Nanay akaniambia, “Usimchukie, ningemvuta hata mimi kama angekuwa wangu.” Jioni yake alipeleka sahani kwa mama huyo mwenyewe, akaiweka kizingitini, akarudi bila kubisha.

Mwaka 2020 Mungu alituletea Wakili Visitacion Sorongon, binti mdogo aliyekuja kwa basi akiwa amebeba viatu vyake vizuri kwenye mfuko ili visichafuke kwa matope yetu. Alisoma karatasi ile, akauliza, “Nay, hapa kijijini kuna Toto wangapi?” Nanay akamwambia, “Mwanangu, uliza kuna wangapi ambao si Toto.” Wakili akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema hiyo ndiyo kesi. Alitueleza kwamba sheria kuu ya nchi inakataza mtu kukamatwa kwa karatasi isiyosema ni nani anayetakiwa, kwa sababu karatasi ya namna hiyo inaweza kumchukua yeyote, na kwamba yuko tayari kuipeleka mpaka mwisho. Ilikataliwa mahakama ya chini, ikakataliwa ya katikati, na kila ilipokataliwa Wakili alikuja mwenyewe kutuambia, hakutupigia simu, akala nasi, akalala hapa, akaenda. Mwisho ikapanda Mahakama ya Juu, na ikaitwa kesi ya Monsale.

Tarehe 18 Aprili 2023 ikasikilizwa Baguio, kwa kuwa mwezi huo wa joto majaji huhamia mlimani. Tulikwenda mimi na Nanay, kwa meli kisha kwa mabasi, na hatukujua baridi ni kitu gani. Mwanamke mmoja muuza mboga kwenye kituo cha basi, ambaye hatukuelewana lugha vizuri, alimtazama Nanay anavyotetemeka katika shali yake, akavua sweta lake la manjano akamvalisha, akamfunga na vifungo kama mtoto. Hatukupata hata jina lake. Sweta hilo Nanay amelivaa sasa, ndani ya jeneza, kwa amri yake mwenyewe.

Mahakamani tulikaa nyuma kabisa. Wakili wa serikali alisema vizuri, hakuwa mtu mbaya, alisema jina la utani nalo ni jina, na kwamba mtuhumiwa mwenyewe aliitwa akaja. “Waheshimiwa, aliitwa Toto, akaitika. Tunataka utambulisho gani zaidi?” Jaji mmoja akamuuliza kama kuna ushahidi wowote kwamba jina hilo ni la watu wengi, akajibu kwamba hakuna ushahidi huo kwenye kumbukumbu za kesi. Hapo nilihisi benchi linatikisika. Nanay alikuwa amesimama. Mimi nilidhani anataka maji. Akafungua kinywa, akaita kwa sauti ileile ya dirishani, “Totooo! Njoo ule!”

Mlinzi wa mlangoni akageuka. Kijana aliyekuwa amebeba mafaili mbele akageuka, faili likamponyoka. Katika safu ya waandishi wa habari vichwa viwili viligeuka. Na jaji mmoja mzee, ambaye baadaye tuliambiwa alizaliwa mkoani kwetu, aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali sana, kisha akauinamisha tena. Nyundo ikagongwa. Nanay akatolewa nje, mimi nikimfuata nikiomba radhi kila hatua.

Aliyetutoa ni yuleyule mlinzi. Tulipofika barazani akasema kwa lugha yetu, “Nay, mnaniponza. Nitafukuzwa mie.” Nanay akamwangalia. “Wewe mtoto wa nani?” “Wa kule mjini Oton, Nay.” “Mama yako yupo?” “Yupo.” “Umekula?” Kijana akatazama nyuma, akasema bado, tangu alfajiri. Nanay akatoa kwenye kikapu wali wa kunata tulioufunga kwa majani nyumbani, akamvulia majani, na kijana yule akala akiwa amesimama wima, macho mbele, anatafuna bila kutikisa mashavu ili asionekane. Alipomaliza akasema, “Nay, ndani umeniita mimi?” Nanay akasema, “Nilimwita mwanangu. Lakini umeitika, basi.”

Uamuzi ulitoka tarehe 17 Oktoba 2023. Wakili Sorongon alikuja kwa basi kama kawaida, na nilimwona tangu njiani kwamba hakuvua viatu vyake vizuri, amevikanyagisha matope. Akaketi chini, kando ya mtambo. Akasema, “Tumeshinda, Nay.” Nanay akasema, “Sema yote.” Akasema Mahakama imeamua kwamba kuanzia sasa karatasi inayomtaja mtu kwa jina la utani peke yake, bila alama ya kumtofautisha na wengine, ni batili nchi nzima, na wote waliokamatwa hivyo wanaweza kuipinga na kutoka. Isipokuwa aliyekwisha kujibu shtaka bila kuipinga kwanza. Huyo huhesabiwa kwamba ameikubali.

“Na Jerwin?” nikauliza mimi.

“Jerwin alijibu,” akasema Wakili, na akaanza kulia.

Nanay hakulia. Alimpapasa Wakili mgongo, akamwambia, “Wewe umefanya kazi yako, mwanangu, umekonda mpaka basi.” Akasema, “Kwa hiyo wameshinda Toto wote, isipokuwa Toto.” Halafu akasema neno ambalo alilirudia mpaka siku za mwisho, akiwa macho na akiwa kwenye homa: “Mimi ndiye niliyemfundisha kuitika.”

Nilijaribu kumtoa katika neno hilo, wengi wenu mlijaribu, Padre alijaribu, hakutoka. Na kesi yenyewe ya mauaji bado inaahirishwa, shahidi haji, hakimu wa kwanza amehamishwa, na mume wangu anaanza kuota mvi.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 miguu ya Nanay ilianza kuvimba, na mwezi wa nne madaktari wakatuambia figo zimechoka. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki Iloilo mjini, na Nong Berting alimpeleka kila mara kwa pikipiki yake, akiendesha polepole ili mashimo yasimuumize, wala hakutaka kusikia neno malipo. Novemba aliacha kufuma, kitambaa kikabaki nusu mtamboni, na mpaka leo sijakikata. Alipata ruhusa ya kumwona mwanawe mara ya mwisho Desemba, wakashikana vidole kupitia nondo. Jerwin alimwambia, “Nay, mimi sijutii kuitika. Ningeitwa tena ningeitika tena.” Nilitumaini hilo litamponya. Alitabasamu, akamwambia, “Mtoto mjinga,” na njia nzima ya kurudi alikuwa akilirudia neno lake lilelile.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mchana, katika hospitali ya mkoa, nikiwa namlisha uji. Aliniuliza, “Amado amekula?” Nikasema amekula. Akafumba macho kama mtu aliyemaliza mstari.

Katika kukesha kwetu, alikuja mwanaume tusiyemjua, Romeo wa mkoa wa Antique, pamoja na mama yake. Alikuwa amekamatwa kwa karatasi iliyomtaja kwa jina la utani Boy tu, na kesi ya Monsale ndiyo iliyomtoa. Alishindwa kunitazama. Akasema, “Mimi nimetoka, wenu yumo. Sijui hata niseme nini, dada, Manang.” Moyo wangu ulikuwa na wivu mkali, Mungu anisamehe, nikasema neno pekee lililokuja, ambalo halikuwa langu. Nikasema, “Umekula?”

Kwetu haifai kumshukuru mtu kwa rambirambi, tusije tukaufanya msiba kuwa zawadi, kwa hiyo nitawataja tu, nanyi mtaelewa. Nawataja madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, hasa muuguzi aliyemchana nywele Nanay asubuhi ile bila kuombwa. Nawataja wafumaji wa ushirika mliogawana kazi zake alipolala na kumletea ujira kana kwamba kafuma yeye. Nawataja madereva wa sokoni. Namtaja Wakili Sorongon. Nawataja majirani wa Palaypay, wote, na wale walioogopa pia, na namtaja mama aliyemvuta mwanawe kwa shati, kwa sababu nimemwona jikoni tangu jana, ameosha vyombo vyote peke yake.

Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Kabla jeneza halijatoka tutampitisha Amado juu yake, kama desturi ilivyo, ili mtoto asimlilie bibi yake usingizini.

Nimefika mwisho wa karatasi yangu, na barabara bado haina gari.

Wabebaji ni sita. Watano wamekwisha kujipanga. Mpini wa mbele, upande wa kulia, ni wa mwanawe wa kiume, nao umeachwa bila mtu tangu jana. Hatuwezi kungoja zaidi, lakini sitaki Nanay atoke nyumbani kwake na pengo. Sitataja jina la mtu. Nitaita lile jina ambalo miaka sita, isipokuwa Nanay mwenyewe, hapana aliyeliita kwa sauti katika njia hii, na najua mnaogopa, na sitamhesabia dhambi atakayetazama chini. Ila wengi wenu, nanyi mnajijua, mlikula.

Pumzika kwa amani, Nanay Osing. Usiinuke, leo naita mimi.

Totooo! Njoo umbebe Nanay.